Dirisha la Mama Halifunguki

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Vipande,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu, na kwa hao majambazi wenu wawili. Waambie shangazi yao bado ana meno yote, na siku akija atawasuka wote, hata yule wa kiume. Mimi mzima. Mwenye duka hapa jirani anakusalimia, anauliza lini utakuja kumwekea kioo cha kabati lake. Nimemwambia apange foleni nyuma yangu.

Usihangaike kunipigia. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia na sina haraka ya kuipeleka kwa fundi. Kwenye simu unaniuliza vipi, nakujibu salama, yameisha. Barua nitakuwa nampa dereva wa basi la asubuhi, maana anapita mbele ya karakana yenu.

Haya, mikono. Najua wifi anauliza. Tangu tumzike mama ilikuwa inatetemeka tu, wewe mwenyewe siku ile uliona nilivyowamwagia watu chai mapajani. Sasa msusi mikono ikimtetemeka atakula nini? Wateja walinivumilia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wakahamia kwa yule binti wa kona, na siwalaumu, nani anataka kutembea na mistari iliyopinda kichwani? Silali, sikai, chakula nakisukuma na maji ndiyo kipite. Miaka miwili nimemuuguza yule mama, nikijua akipumzika na mimi nitapumzika. Kumbe wapi.

Basi nimepata dawa, na usicheke. Nimehamia chumba chake. Asubuhi nakaa kwenye kiti chake pale dirishani, natazama uani, basi. Sifanyi kingine. Kuna nguchiro jike na watoto wake watatu, wanatokea chini ya ukuta mmoja nyuma ya mwingine, mama yao mbele, pua chini. Nimempa jina Bi Mkubwa kwa jinsi anavyowazaba makofi. Kuna tetere wawili hawaachani, wakigombana mmoja anampa mwenzake mgongo lakini haondoki. Kuna kindi kwenye mpera, anachuma pera bichi, analing'ata, analitupa, anachuma jingine, yaani huyo ni wewe mtupu ulipokuwa na miaka sita. Na kuna mjusi mwenye kichwa chekundu juu ya ukuta, anapiga pushapu mchana kutwa na hakuna aliyemtuma.

Nikikaa pale kuna kitu kinashuka hapa kifuani, kinatulia. Juzi nilimsuka mtoto wa jirani kichwa kizima. Mistari imenyooka! Nililia, mtoto wa watu akadhani amenikosea.

Ila jambo moja, maana wewe ndiye uliyelitengeneza lile dirisha. Kwa nini halifunguki? Umelibana pande zote na chumba kina joto. Na kwa nini ulimwekea mama kile kioo cha maofisini, ambacho mchana mtu wa nje haoni ndani, anajiona yeye tu? Silalamiki, ndicho kinachofanya wanyama wasinikimbie. Nauliza tu.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama watoto anakusalimia, watoto wanasema hawasukwi. Mkubwa ameng'oka jino la mbele, sasa kila neno linatoka na mluzi. Nisamehe kuchelewa. Tunaweka vioo kwenye jengo refu, tunaning'inia na kamba kutwa nzima, jioni nikishuka hata kijiko nakiona kizito.

Nimefurahi kuhusu mikono. Nimefurahi kweli, kile kipande cha mistari kunyooka nilimsomea mama watoto mara mbili na yeye akapiga vigelegele jikoni. Lakini dada, mikono ikishapona, njoo ukae kwetu. Chumba kipo. Vichwa vya kusuka havikosekani mjini, na kama ni wanyama, hapa tuna mende wanaokula na sisi mezani, nao tutawapa majina. Nyumba tutaifunga, mengine tutaona baadaye. Sitaki ukae peke yako mle.

Kuhusu dirisha, mama mwenyewe ndiye alitaka vile. Mambo ya vumbi. Kama kuna joto nunua feni. Usimwite fundi mwingine alifungue, tafadhali. Na jioni ukitaka kuwasha taa, funga pazia kwanza. Kile kioo kinafuata mwanga. Nje kukiwa na giza na ndani taa inawaka, kinageuka, wa nje ndiye anayemwona wa ndani.

Halafu hao wanyama wako, wakiwa pale uani, wanatazama wapi? Na mimi nauliza tu.

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Vipande,

Marahaba. Salamu kwa wifi na watoto, mpe pole mwenye pengo, mwambie hata baba yake tulimwita Vipande kwa sababu alikuwa akigusa glasi inabaki vipande, na leo anakula kwa vioo hivyohivyo. Hapa mvua imegoma, uani udongo umekuwa mgumu hadi Bi Mkubwa anakwaruza anakasirika.

Sasa we mtoto, umejuaje?

Sikukuandikia habari ya kutazama kwa sababu niliona utasema nimechanganyikiwa. Umeuliza mwenyewe. Iko hivi. Wanakuja, wanakula mchele niliowamwagia, halafu mmoja ananyanyua kichwa anatazama kioo. Mwanzoni nilidhani wananiona. Hapana, wanajitazama. Lakini akishatazama kioo anageuka haraka kuangalia nyuma yake, kule kwenye lango la nyuma. Anarudi kwenye kioo. Anageuka tena. Ni kama ukiwa umekaa saluni kwangu, ukamwona mtu kwenye kioo amesimama nyuma ya kiti chako, ukageuka ukakuta hayupo. Bi Mkubwa anafanya hivyo. Tetere wanafanya hivyo. Hata kenge, yule mzito anayepita siku mojamoja na tumbo lake kama mkaguzi, juzi alisimama mbele ya kioo, akageuza shingo nzima.

Nilitoka kwenda kuangalia. Nikasimama katikati ya uani, nikatazama kioo. Nikaona mpera, lango, kamba ya nguo, na mwanamke mmoja ambaye nywele zake ni aibu kwa kazi yake. Basi. Na wanyama wote walikuwa wametimua mbio. Mimi wananikimbia. Huyo wanayemwona kwenye kioo hawamkimbii, wanampisha.

Wanampisha kweli, Vipande. Wakitawanyika kula wanaacha mahali patupu, pa kutosha mtu mmoja kusimama. Mchele ukiangukia hapo hawaugusi. Mwanzo wa mwezi pengo hilo lilikuwa langoni. Sasa liko kwenye bomba. Unakumbuka bomba lilikatwa maji tangu mama aanze kuugua? Chini yake pamelowa.

Wewe ulikuwa mdogo sana, hukumbuki. Pale bombani ndipo baba alipokuwa ananawa miguu akitoka kazini. Ananawa, halafu anaingia ndani na miguu yake inachuruzika, na mama kila jioni kutoka jikoni: "Futa miguu!" Hata asubuhi ile alipotoka na mkoba wake kwa lango la nyuma, asionekane tena, hai wala maiti, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia akiambiwa, kwa sababu alikuwa amerudi ndani kuchukua kofia. Mama hakuwahi kuniambia anamngoja. Alihamishia tu kiti chake upande ule.

Usiogope. Mimi siogopi, na hilo ndilo la ajabu. Nikilitazama lile pengo mikono inatulia tuli. Wateja wanarudi mmojammoja, yule binti wa kona ameanza kuninunia.

Nijibu haraka.

Dada


Tarehe 12 Mei

Vipande,

Salamu kwa wote. Hujajibu. Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani bila hata asante. Si kawaida yako. Mimi mzima, mwenye duka mzima, kabati lake bado halina kioo.

Pengo limetoka bombani, limepita kamba ya nguo, sasa liko chini ya mpera. Wanyama hawageuki tena kuangalia nyuma. Wamemzoea. Tetere wanakula pembeni yake bila wasiwasi, na wale watoto wa nguchiro juzi walilala juani hapohapo, wameliachia pengo katikati yao. Kindi akishuka mtini anateremka kwa upande wa pili.

Leo nimesuka vichwa viwili bila kupumzika. Nikitoka dirishani kwenda sokoni mikono inaanza tena, kwa hiyo sokoni siendi sana. Mwenye duka ananiletea mahitaji mlangoni. Ananitazama jicho la pembeni, lakini ananiletea.

Kuna kitu unakijua. Kiseme.

Dada


Tarehe 30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Tupo. Mdogo alikuwa na homa, imepoa. Mama watoto amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima ni vitambaa, jana nimekaa juu ya sindano. Nisamehe kwa kimya. Si kazi. Nilikuwa naandika, nachana.

Siku mama aliponiita nije nimbadilishie dirisha, wewe ulikuwa saluni. Lilikuwa dirisha la kawaida, kioo cheupe, linafunguka. Akaniambia, "Niwekee kile kioo cha benki, ambacho wa nje haoni ndani. Na lisifunguke." Nikamuuliza wa nje ndiyo nani, uani kwetu kuna nani? Akasema, "Anasogea. Sitaki anione." Nikacheka, dada. Nikadhani uzee umempanda kichwani. Nikaweka kioo, nikalibana kwa gundi pande zote, na yeye amesimama nyuma yangu hadi kona ya mwisho. Nilipomaliza akapitisha kidole kila mahali kuona kama kuna tundu. Kisha akanipa chai, akasema nisikwambie, wewe ni mwoga.

Sasa nisikilize. Mimi ni fundi, nakwambia kifundi. Ndege akijiona kwenye kioo anadhani ni mwenzake. Nimeona kwenye majengo yetu, kunguru anapigana na sura yake mwenyewe hadi anatoka damu. Mnyama mmoja akiogopa mahali, wote wanapaogopa. Udongo umelowa kwa sababu kuna mfereji umepasuka chini. Mama alikuwa mpweke, na wewe uko mpweke kwenye kiti kilekile. Tatizo ni kile kioo, na aliyekiweka ni mimi. Kikitoka, hadithi imekwisha.

Kwa hiyo njoo huku. Mama watoto amekutafutia daktari wa mishipa, atakuangalia mikono vizuri. Mimi nitachukua likizo, nitakaa hapo nilinde nyumba, nitakiondoa kile kioo niweke cheupe. Ukirudi utawatazama wanyama wako kama watu wengine wanavyotazama wanyama.

Na ukitaka ukweli wote, hata mimi nataka kukaa hapo kidogo. Wewe una sura ya baba kichwani, unakumbuka mpaka kofia. Mimi nikifumba macho sioni kitu. Watoto wangu wananiuliza babu alikuwaje, nawaambia alikuwa mrefu. Sijui hata kama alikuwa mrefu.

Vipande


Tarehe 14 Juni

Vipande,

Marahaba. Salamu kwa wifi, mwambie aniandalie godoro gumu, laini linaniua mgongo. Mdogo asitoke na kifua wazi jioni.

Barua yako ilinikasirisha hadi nikaificha chini ya gunia la mchele nisiione. Mama kunificha mimi, niliyekuwa namwogesha! Mwoga nani? Nikasema siji ng'o, ukae na daktari wako. Lakini nakuja, Jumamosi, na basi la asubuhi. Si kwa sababu ya mfereji wako uliopasuka. Juzi jioni nilifanya jambo moja pale dirishani. Wakati nalifanya niliona ni jambo la kawaida kabisa, na nilipomaliza mwili wote ukanisisimka. Nimeogopa kwa mara ya kwanza. Siliandiki. Sikuambii wewe, simwambii wifi, na msinibembeleze.

Pengo liko chini ya dirisha. Nikinyoosha mkono nagusa kioo, na upande wa pili ni hapo.

Ufunguo nimemwachia mwenye duka. Mchele wa wanyama uko kwenye kopo la bluu, konzi moja asubuhi, usiwazidishie watakuwa wavivu. Mlango wa bafuni unasukuma na goti. Kaa, tazama, ujionee mwenyewe. Lakini kioo usikiguse, Vipande. Mama alipitisha kidole kila kona, na yule mama hakuwa mtu wa kufanya kitu bure. Kama huwezi kuniahidi, usije kabisa, nyumba ikae na popo.

Dada


Tarehe 27 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, natumaini na wewe watoto wamekupokea vizuri. Mwenye duka alinikumbatia, kisha akanikumbusha kabati. Mlango wa bafuni nimeuchonga, hausukumwi tena na goti.

Nimekaa kwenye kiti. Wanyama wako wananisalimia. Ni kweli yote uliyosema, pengo lipo hapa chini, wanalizunguka. Kioo sijakigusa. Nilipata usingizi mzuri nimekaa, mimi ambaye tangu nianze kazi za kamba nikilala naota naanguka.

Nitaandika.

Vipande


Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa wifi. Mimi nasema, yeye anaandika, maana kalamu hainikai mkononi. Salamu kutoka kwetu sote. Mwenye pengo jino jipya limechungulia, anamwonyesha kila anayepita ngazini. Mdogo amepona, amenisuka mimi nywele, natembea na kichwa cha ajabu lakini sifumui.

Daktari amenigonga magoti, amenimulika macho, amesema haoni kitu. Nimekaa kwenye dirisha lenu la ghorofa ya nne, mbele ni ukuta na nyaya, hata kunguru hapiti. Natetemeka hadi kikombe watoto ndio wananishikia. Lakini nalala. Nakula, nacheka na wifi, na nikiwa mbali hivi naona vizuri nilikokuwa. Ule utulivu haukuwa wangu, Vipande. Nilikuwa natulizwa, kama mtu anavyompapasa kuku mgongoni ili asipige kelele. Hata mama nadhani alipapaswa hivyohivyo siku nyingi, ila yeye alishtuka mapema akaita fundi.

Baba nilimpenda. Sijui kama yule wa uani ni baba. Na kama ni yeye, kwa nini hapigi hodi mlangoni? Ameishi humo, anajua mlango ulipo.

Mikono itetemeke, nimeikubali. Nitauza mkaa, nitalea watoto wako, kusuka nimeacha. Umeandika mara moja tu tangu ufike. Likizo yako imeisha, bosi wako ametuma mtu hapa kuuliza. Wifi anaandika huku amefura, anasema niongeze kwamba watoto wanauliza baba anarudi lini na yeye amechoka kuwadanganya. Sasa nijibu moja tu. Kioo umekigusa? Kama hujakigusa, funga mlango, mpe mwenye duka ufunguo, panda basi. Nguo ziache. Nyumba iuzwe, ivunjwe, sina neno.

Dada, na mkeo


Tarehe 17 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Hapa ni wazima. Mwenye duka anakusalimia, kabati lake nimeshaliwekea kioo, anajitazama kutwa. Bi Mkubwa hajambo, watoto wake wamekua, mmoja amehama. Kindi bado ni mwizi. Mvua imenyesha mara moja.

Umeuliza kioo. Ndiyo. Nilikaa kwanza nikatazama kama ulivyotaka, na kila asubuhi nikawa najiambia, wewe ni fundi, hiki ni kioo tu, kwa nini unaogopa kazi ya mikono yako? Siku moja nikakata gundi, nikakitoa kizima, nikakiegemeza ukutani. Nikachukua kile cheupe nilichokuja nacho nikipeleke kwenye fremu. Kimezidi kwa upana wa kidole. Mimi, dada! Sijawahi kupima vibaya tangu nijifunze kazi hii. Ikabidi kikatwe upya, na kisu cha kukatia nilikuwa nimekisahau mjini, nikatoka kwenda kuazima kwa fundi wa upande wa sokoni. Dirisha likabaki tundu tupu hadi mchana.

Niliporudi wanyama wote walikuwa uani, na hawakunikimbia. Walikuwa wamekaa pande mbili, huku nguchiro na kenge, huku ndege, na katikati wameacha njia kutoka bombani hadi dirishani. Vichwa vyao vilikuwa vinageuka pamoja, taratibu, wanamsindikiza mtu kwa macho. Vikafika dirishani. Vikaelekea ndani. Kisha wakatawanyika, wakala mchele popote ulipoangukia. Tetere akatua palepale chini ya dirisha, akanyoosha bawa. Uani hakuna pengo tena.

Nikafunga kioo kipya, nikakibana kwa gundi pande zote. Kimekaa vizuri, nimepitisha kidole kila kona.

Sasa asubuhi wanakuja hadi kwenye kioo na wananiona kabisa, hawakimbii. Wananitazama mimi kidogo, halafu wanatazama nyuma yangu. Siku za kwanza nilikuwa nageuka. Siku hizi sigeuki. Sakafu ina maji kutoka dirishani hadi mezani, nayafuta asubuhi, jioni yamerudi. Jana nilijisikia napayuka kwa sauti ya mama kabisa, "Futa miguu!" Nikacheka, na sikucheka peke yangu.

Mwambie mama watoto asikasirike, kazi imerefuka kidogo. Bosi atafute mtu mwingine wa kamba. Sina hofu, sina ndoto za kuanguka, kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nimebana meno na sijui. Nilikwambia sina sura yake kichwani. Sasa ninayo. Watoto wakiuliza babu alikuwaje, waambie si mrefu, analingana na baba yao.

Wewe pumzika huko, dada. Hatuna haraka, sisi tupo.

Mdogo wako,
Vipande

Nilitaka kusahau. Baba anakusalimia. Anasema jioni ile ulipowasha taa, ukaacha pazia wazi, ukakaa kwenye kiti ukajisuka nywele ili akuone, ulipendeza sana.